Kupima Njia ya Bomba kwa Setilaiti: Mwongozo Kamili kwa Kazi za Dar es Salaam na Pembezoni Mwake

Bomba la maji linaloshuka kutoka kwenye tangi la mlimani upande wa Kisarawe hadi mitaa ya Chanika na Msongola hukutana na karibu kila kinachomsumbua mpima: msitu, reli, mabonde ya mchanga, viwanja visivyopimwa, mabati yaliyobanana, na watu waliokwisha kuona alama ya X ya kubomolewa ikipigwa kwenye nyumba ya jirani. Mwongozo huu unafuata njia ya aina hiyo. Tuseme ni kilomita 12 za bomba la milimita 300, na tunaanzia mezani hadi siku ya kufukia mtaro. Mabomba ya gesi na mafuta yana kanuni zake za usalama, lakini upimaji wake hupita hatua hizihizi.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Setilaiti ni hodari wa mashariki na kaskazini, ila mwinuko inaokupa si ule ambao maji yanaufuata. Ukikosea nusu mita kwa pembeni, mtaro utasogezwa na kazi itaendelea. Ukikosea mwinuko, bomba litalala ardhini likiwa zuri kabisa na wa mwisho wa mstari hatapata maji. Kwa hiyo usishangae nikikawia kwenye mwinuko na kupita mbio kwenye mengine.

Hatua ya 1: Amua unahitaji usahihi gani, na wapi

Vipokezi vya setilaiti vya siku hizi husikiliza GPS ya Marekani, GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China kwa pamoja, ndiyo maana hata katikati ya Kariakoo unaweza kupata setilaiti za kutosha. Wingi wa setilaiti, hata hivyo, hauigeuzi simu kuwa kifaa cha upimaji. Simu na GPS ya mkononi hukupa mita 3 hadi 5 mahali pa wazi, na hukosea zaidi chini ya miti. Hiyo inatosha kutembelea njia na kuchagua kati ya bonde hili na lile. Kwa michoro ya ujenzi unahitaji vipokezi viwili, kimoja kikikaa kwenye alama inayojulikana (besi) na kingine kikitembea (rova), kwa njia ya RTK, yaani besi inaitumia rova masahihisho papo hapo. Hapo unapata sentimita 2 hivi za pembeni na 3 hivi za mwinuko. Mwinuko wa setilaiti daima ni dhaifu kuliko pembeni, kwa sababu setilaiti zote ziko juu yako na hakuna hata moja iliyo chini ya miguu yako.

Bomba la maji lenye shinikizo linavumilia sentimita 3. Bomba la majitaka linalotegemea mteremko halivumilii. Mteremko wa 1 kwa 200 kati ya chemba mbili zilizoachana mita 50 ni sentimita 25 tu, na kosa la sentimita 3 kila upande linaweza kula karibu robo yake. Kwa majitaka, tumia setilaiti kuweka alama, kisha mwinuko wa chemba uuchukue kwa mashine ya kupimia usawa. Vijana wengi wenye rova mpya hawapendi kusikia hili.

Hatua ya 2: Chora njia tatu mezani

Usichore moja. Ukichora moja utaitetea.

Fungua QGIS, programu ya ramani ambayo ni bure, uweke picha za anga na ramani ya mwinuko. Ile ya SRTM ilipimwa na chombo cha anga cha Marekani Februari 2000, na hutolewa kwa vipande vya mita 30. Copernicus ya Ulaya ina vipande vya ukubwa huohuo na ni ya karibuni zaidi. Zote mbili huona mapaa na vilele vya miti kabla ya kuona udongo, kwa hiyo zitumie kujua kilima kiko wapi, kamwe usizitumie kuchagua pampu. Kwa majengo na mitaro, Dar ina bahati: mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015 uliwapeleka wanafunzi na wakazi kuchora kata kwa kata, na matunda yake yako wazi kwenye OpenStreetMap, ramani ya bure ya mtandaoni.

Kisha weka vizuizi. Hifadhi ya barabara kuu na za mikoa, chini ya Sheria ya Barabara ya 2007, ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Bomba kupita humo kunaokoa fidia, lakini kunahitaji kibali cha TANROADS, na barabara ikipanuliwa gharama ya kulihamisha inaweza kukurudia. Barabara za mitaa ni za TARURA. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli ndani ya mita 60 kutoka mto au ufukwe, kwa hiyo mto uvuke kwa njia fupi na usitembee nao sambamba. Upande wa Pugu kuna msitu wa hifadhi wa Pugu na Kazimzumbwi, na anayekupa ruhusa huko ni TFS, wakala wa misitu. Kuna pia reli ya zamani ya kati, reli ya kisasa, TAZARA, na mkuza, yaani ukanda uliotengwa, wa bomba la gesi linalotoka Mtwara hadi Kinyerezi. Mkuza huo usiuguse kabla ya kuzungumza na TPDC, shirika la mafuta na gesi.

Pima kila njia kwa urefu, idadi ya nyumba zitakazoguswa, vivuko vya mito na vilima. Aghalabu njia fupi ndiyo yenye nyumba nyingi, na nyumba tatu zilizojengwa vizuri zinaweza kugharimu zaidi ya mita 400 za bomba la kuzizunguka.

Hatua ya 3: Watu kwanza, mashine baadaye

Barua iende kwa mkurugenzi wa halmashauri, kisha kwa mtendaji wa kata na mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Omba mjumbe wa shina akutembeze. Mpima aliyeongozana na mjumbe hufunguliwa geti, na aliye peke yake akiwa na fimbo yenye antena huulizwa anamtafuta nani.

Kule Majohe, bibi aliyekuwa akipepeta mchele barazani aliwaona vijana wawili wakishindilia kigingi karibu na mchongoma wake. Walimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akauliza bila kuinua uso:

"Wanangu, hii ndiyo ile X?"

"Hapana bibi. Tunapima bomba la maji, na njia yenyewe bado haijaamuliwa."

"Basi msinipigie rangi ukuta wangu."

Jibu la kijana lilikuwa sahihi, na liwe hilohilo kwa kila mwanakikosi: tunapima, njia haijaamuliwa, mwenye kuzungumzia fidia atakuja na barua. Fidia ni kazi ya mthamini aliyesajiliwa, na taarifa yake hupitishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali. Ukimwahidi mtu chochote ukiwa umeshika rova, umemfungia njia mthamini. Na rangi usipake. Kona za nyumba na mipaka ya mashamba vichukulie koodineti na picha, inatosha.

Ukihitaji ndege isiyo na rubani kwa picha za juu, anza kuomba vibali mapema. TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, inahusika, na mamlaka za ulinzi pia.

Hatua ya 4: Tembea njia yote kwa miguu

Bebeni GPS ya mkononi, panga, kamera na daftari. Kila mita 200 hivi, na kila kinapobadilika kitu, chukua nukta na andika: aina ya udongo, maji yaliyotuama, nyaya za umeme, mabomba ya zamani, makaburi. Makaburi hayaonekani kwenye picha za anga, na pembezoni mwa Dar yamo ndani ya mikorosho na minazi ya familia.

Kwenye mabonde, mtafute mzee anayeishi hapo umuulize maji ya mafuriko yalifika wapi ukutani. Alama hiyo utaipima baadaye kwa rova, na itakuwa na maana kuliko ramani yoyote ya mafuriko. Angalia pia wachimba mchanga. Kwenye mito ya Mpiji, Mbezi na Mzinga kingo husogea na kitanda cha mto hushuka mchanga unapochukuliwa, na bomba lililofukiwa mita moja leo linaweza kuning'inia baada ya masika machache. Mahali pa namna hiyo ama unavuka juu kwa nguzo ama unahama.

Rudi ofisini, futa njia mbili kati ya tatu.

Hatua ya 5: Alama za msingi na mfumo wa koodineti

Michoro mingi ya zamani ya Dar, na hati nyingi za viwanja, ziko kwenye Arc 1960, mfumo wa zamani wa koodineti wa Afrika Mashariki, katika ukanda wa 37 Kusini wa UTM, gridi ya ramani ya mita. Kipokezi chako kinazungumza WGS84, mfumo wa dunia unaotumiwa na GPS. Namba zinafanana sana, mashariki laki tano na ushee na kaskazini milioni tisa laki mbili na ushee, kwa hiyo jicho halishtuki. Lakini nukta ileile ya ardhini, kwa eneo la Dar, inatofautiana takriban mita 300 upande wa kaskazini-kusini na karibu mita 100 upande wa mashariki-magharibi kati ya mifumo hii miwili. Ukipokea faili la mkuza wa gesi bila kuandikwa mfumo wake, lirudishe. Usikisie.

Tanzania ina pia TAREF11, mfumo wa kitaifa uliofungwa na mfumo wa dunia wa vipimo vya setilaiti. Ukianza mradi mpya, anza nao: nenda Idara ya Upimaji na Ramani ya Wizara ya Ardhi, ununue taarifa za alama zilizo karibu na njia yako, kisha uende ukazitazame kabla ya kuzitegemea. Alama nyingine zimefunikwa na ukuta wa mtu. Usipopata alama, unaweza kupima saa kadhaa na kutuma faili la RINEX, muundo wa vipimo unaosomwa na programu zote, kwenye huduma za bure za mtandaoni, kama AUSPOS ya Australia au CSRS-PPP ya Kanada, ila kumbuka kwamba ardhi yetu inasogea takriban sentimita 3 kwa mwaka kuelekea kaskazini-mashariki. Matokeo ya leo ukiyachanganya na alama iliyopimwa miaka 10 iliyopita, unaingiza sentimita 30 ambazo hazipo.

Simika alama zako za zege kila kilomita 3 hadi 5, mbilimbili zinazoonana, nje ya mtaro utakaochimbwa. Pima kwa vipokezi vilivyotulia, saa moja au zaidi kila kikao, na kila alama ipimwe mara mbili kwa vikao tofauti. Urefu wa antena pima kwa futi ya kupimia mwanzo na mwisho wa kikao, uandike kama ni wa wima au wa mshazari, na upige picha. Kosa la urefu wa antena ndilo linalojificha kuliko yote, kwa sababu hesabu zote zitakubali na namba itakuwa mbaya.

Kuhusu saa za kazi: Dar iko ukanda ambao tabaka la juu la hewa lenye umeme huchafuka sana na kuvuruga mawimbi ya setilaiti, hasa baada ya jua kuzama, na zaidi miezi ya karibu na Machi na Septemba. Mchana nako si shwari miaka ambayo jua lina shughuli nyingi. Asubuhi, kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa nne, ndiyo saa ya mpima. Jua pia halijawa kali.

Bado kuna kitu kimoja cha kuudhi. Ramani ya UTM inafupisha umbali. Kwa Dar, mita 1,000 za ardhini zinakuwa kama mita 999.6 kwenye ramani. Kwenye kilomita 12 zetu unakosa takriban mita 4.8, karibu bomba zima la mita 6. Kwa hiyo orodha ya ununuzi ihesabiwe kwa umbali wa ardhini.

Hatua ya 6: Mwinuko

Setilaiti hupima mwinuko kutoka kwenye umbo la hesabu linaloitwa elipsoidi. Maji hufuata uvutano wa dunia, na uso unaofuata uvutano huo, ule ambao bahari iliyotulia ingeukaribia, huitwa jioidi. Pwani yetu jioidi iko chini ya elipsoidi kwa zaidi ya mita 20. Simama ufukweni Kigamboni, mawimbi yakikulowesha vifundo vya miguu, na kipokezi kitakuonyesha mwinuko hasi wa mita ishirini na kitu. Hakijaharibika.

Madhara yake yanakuja pale unapochanganya. Tuseme mwinuko wa tangi umetoka kwenye mchoro wa zamani, juu ya usawa wa bahari, na mwinuko wa mtaa umeuchukua kwa rova bila kusahihisha. Mita 10 za mwinuko ni kama bar 1 ya shinikizo. Kwenye karatasi umejipatia zaidi ya bar 2 za bure, ukachagua bomba jembamba na ukaondoa pampu. Siku ya kufungua, maji yanakomea njiani.

Fanya hivi. Kwanza, weka kielelezo cha jioidi kwenye programu ya kipokezi: kipo cha dunia, EGM2008, na Tanzania ina vielelezo vyake ambavyo watu wa Chuo Kikuu Ardhi na wizara wanavifahamu. Pili, usiamini kielelezo peke yake. Tafuta alama za mwinuko za serikali zisizopungua tatu, moja kila mwisho wa njia na moja katikati, na uzipime kwa setilaiti. Linganisha. Zote zikitofautiana na kielelezo kwa kiasi kilekile, mathalani sentimita 20, hiyo ni tofauti ya mwanzo wa vipimo na utaiondoa yote kwa pamoja. Tofauti ikikua kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, kuna mwinamo wa kusahihisha. Moja ikijitenga na wenzake kwa nusu mita, alama hiyo imetikiswa au kuna greda iliyopita, iache.

Tatu, pale njia inapokuwa tambarare, hasa kilomita za mwisho kabla ya wateja, pitisha mashine ya kupimia usawa kati ya alama zako na ufunge mzunguko. Ni kazi ya jasho. Lakini ndiyo inayokuambia kama rova inasema kweli, na hakuna kingine kitakachokuambia.

Nne, andika juu ya kila karatasi: mwinuko huu ni wa elipsoidi au wa usawa wa bahari, na umetumia kielelezo gani.

Hatua ya 7: Kupima ukanda wote

Sasa rova. Pima mstari wa katikati kila mita 20 au 25, pamoja na kila kona, kila kilele, kila kitako cha bonde, na kingo zote mbili za kila mto na mtaro. Pima mita 10 hadi 15 kila upande, ili msanifu awe na mahali pa kusogea. Tumia vifupisho vilivyokubaliwa na kikosi chote: kama mmoja anaandika NG kwa nguzo na mwingine NZ, jioni mtagombana.

Nukta isichukuliwe mpaka skrini iandike FIX, yaani kipokezi kimefikia usahihi wa sentimita. Ikiandika FLOAT una kosa la desimita kadhaa hata kama namba zinaonekana kutulia. Kila ukianza siku na kila ukihama, rudi kwenye alama unayoijua uipime upya. Nukta muhimu, kama vivuko na maungio, zipime mara ya pili saa nyingine baada ya kuzima na kuwasha upya. FIX ya uongo ipo, na hupenda kuta ndefu na mabati: mawimbi hugonga bati kisha ndiyo yafike kwenye antena, na kipokezi hakijui kwamba yamezunguka.

Chini ya mwembe mkubwa usipoteze nusu saa ukiinua na kushusha fimbo. Pima nukta mbili nje ya kivuli zinazoonana, kisha vuta futi au tumia totali stesheni, mashine ya kupima pembe na umbali, kuingia ndani.

Masahihisho kutoka kwenye besi yanaweza kupita kwa laini ya simu au kwa redio. Redio mjini haifiki mbali, kilomita chache tu penye majengo, na masafa yake yanahitaji leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Laini ya simu ni rahisi zaidi, ila mabondeni mtandao hukatika, hivyo bebeni laini za kampuni mbili.

Hatua ya 8: Vilivyozikwa

Setilaiti haioni chini ya ardhi. Omba michoro ya DAWASA, TANESCO, TPDC na kampuni za simu, uichore juu ya njia yako, kisha uichukulie kama tetesi. Kila mahali ambapo bomba lako litakatiza kitu, chimba shimo la majaribio kwa jembe na koleo, bila mtambo, na upime kwa rova kilele cha bomba au waya ulioukuta. Mkongo wa mawasiliano ukikatwa, simu zitaanza kupigwa kabla hujapanda kutoka shimoni.

Hatua ya 9: Mchoro wa mwinuko wa njia

Mistari yote ikishaingia kwenye programu, chora mwinuko wa ardhi kwa kipimo kinachoukuza mara kumi, kwa mfano 1:1000 kwa urefu na 1:100 kwa wima. Vilele vipate valvu za hewa, vitako vipate valvu za kutolea tope. Wasanifu wengi huliacha bomba lipande kwa angalau 1 kwa 500 na kushuka kwa angalau 1 kwa 300 ili hewa isikwame, hata ardhi ikiwa bapa. Kifuniko cha udongo cha karibu mita 1 kinafaa sehemu nyingi, zaidi chini ya barabara. Kila valvu ya kutolea tope iulize swali: maji haya yataenda wapi? Kama jibu ni uani kwa mtu, sogeza.

Hatua ya 10: Vigingi, na kupima kabla ya kufukia

Mkandarasi atahitaji vigingi vya katikati, na vingine vya pembeni mita 3 hivi nje ya mtaro, kwa sababu vya katikati vitaondoka na ndoo ya kwanza ya mtambo. Andika kina kwa rangi isiyofutika.

Halafu ije kazi ambayo karibu kila mtu anaikimbia. Bomba likishalazwa na kabla udongo haujarudi, pita na rova juu ya kilele chake: kila kiungo, kila kona, kila valvu, kila mahali lilipokwepa jiwe au mzizi. Mkubaliane na mkandarasi kwenye mkataba kwamba mtaro haufukiwi mpaka sahihi ya mpima iwepo kwenye fomu ya siku hiyo, la sivyo utafukiwa saa kumi na moja jioni ukiwa foleni ya Gongo la Mboto. Faili la mwisho liwe na namba ya nukta, mashariki, kaskazini, mwinuko wa kilele, kina, tarehe, mfumo wa koodineti na kielelezo cha jioidi. Nakala moja iende kwa mwenye bomba, nyingine halmashauri, na ya tatu kwa TANROADS au TARURA kama uko ndani ya hifadhi yao.